Kamera Iliyoingia Nyumbani



Iko barua moja iliyotukaa moyoni kwa majuma kadhaa, na leo twaitolea jawabu, ingawa jawabu lenyewe litatupeleka mbali na pwani yetu kabla ya kuturudisha. Mama mmoja atuandikia kwamba binti yake wa miaka 14 huimba kutwa nyimbo za yule msichana wa Kiindonesia mwenye mtandio, kwa Kiarabu ambacho yeye mwenyewe hakijui vyema. Hilo lamshughulisha kidogo. Lililomshughulisha zaidi ni mwanawe wa kiume, aliyemaliza shule na hajapata kazi, ambaye ameanza kumrekodi nyanya yake kila alasiri anapopiga soga jikoni. Nyanya ni mcheshi. Video tatu zimekwisha kupandishwa mtandaoni, na watu wasiojulikana wameziandikia maneno ya sifa. Kijana amemwambia mama yake kuwa Indonesia kuna familia zilizojenga majumba kwa kurekodi yale yale ya nyumbani kwao. "Je, nimkataze, au nitakuwa nimemzibia riziki?" auliza mama.

Hilo la majumba ni kweli, na ndiyo sababu tumeona tuanzie huko huko Indonesia.

Nchi hiyo ina visiwa zaidi ya 17,000, watu wapatao milioni 280 na lugha zipitazo 700, nayo ni miongoni mwa nchi mbili tatu zenye Waislamu wengi zaidi duniani. Runinga ya serikali, TVRI, ilianza mwaka 1962 ili kuonyesha Michezo ya Asia iliyofanyika Jakarta. Mwaka 1976 wakarusha setilaiti yao, Palapa, picha zipate kufika visiwa vya mbali. Kisha mwaka 1981 Rais Soeharto akayapiga marufuku matangazo ya biashara katika TVRI, kwa hoja kwamba mkulima wa kijijini asitamanishwe vitu asivyoweza kuvinunua. Kwa masikio ya leo hoja hiyo yasikika kama kichekesho, lakini sisi twaona haikuwa hoja ya kipuuzi. Haikudumu, lakini. Mwaka 1989 ilifunguliwa stesheni ya kwanza ya binafsi, RCTI, ambayo mwana wa Rais huyo huyo alikuwa na mkono ndani yake, na matangazo yakarudi kwa kishindo.

Hata hivyo burudani ya watu wa kawaida wa Indonesia haikuwa ikingoja ruhusa ya runinga. Muziki wao upendwao zaidi, dangdut, umepata jina lake kutokana na mlio wa ngoma, na ukiusikiliza utatambua mara moja kwamba una ndugu zake hapa Mombasa. Ndani yake mna okestra ya Kimalay, mna gambusi iliyoletwa na watu wa Hadhramaut, wale wale ambao jamaa zao wengine walishuka Lamu na Mombasa, na mna nyimbo za filamu za Kihindi. Wazee wetu waliomfuata marehemu Juma Bhalo katika maharusi, akizivalisha tuni za Kihindi maneno ya Kiswahili, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Mfalme wa dangdut ni Rhoma Irama, aliyezaliwa mwaka 1946. Tangu mwaka 1973 yeye na kundi lake, Soneta, walijitangaza kuwa sauti ya Waislamu, wakaimba dhidi ya kamari na ulevi kwa magitaa makali ya roki. Mwaka 1977 alikifanyia kampeni chama kilichokuwa na sura ya Kiislamu, naye akafungiwa milango ya TVRI kwa muda wa miaka ipatayo 11. Haikumdhuru kitu, kwani kaseti na sinema zilimfikisha kila kijiji. Hapo ndipo serikali ilipopata somo la kwanza kwamba mlango mmoja ukifungwa, kile wakipendacho watu hupita dirishani.

Somo la pili lilikuwa chungu, nalo lamhusu binti wa Pasuruan, mashariki ya Java, aitwaye Inul Daratista. Alikuwa mwimbaji wa kawaida wa harusi na sherehe za vijijini, mwenye mtindo wa kuzungusha kiuno ambao wenyeji waliufananisha na keekee ya seremala. Waalikwa walimrekodi. Rekodi zikanakiliwa katika zile sahani za VCD zikauzwa mabarazani na njiani, na kufikia mwaka 2003 nchi nzima ilikuwa ikimjua hata kabla stesheni kubwa hazijamwita. Rhoma Irama akamlaani hadharani na kumkataza kuziimba nyimbo zake. Abdurrahman Wahid, aliyepata kuwa Rais wa nchi na kabla ya hapo kiongozi wa jumuiya kubwa ya wanazuoni, Nahdlatul Ulama, akasimama kumtetea. Waislamu wawili wenye heshima zao, kila mmoja upande wake.

Sisi uchezaji ule hatuutetei. Lakini katika kelele zote zile, wachache waliuliza juu ya mtu aliyekuwa ameshika kamera. Aliyerekodi alipata chake, aliyenakili alipata chake, mchuuzi wa njiani alipata chake, na mwenye mwili alikuwa wa mwisho kujua kuwa ameuzwa. Kina mama wa hapa kwetu, ambao siku ya kupamba huweka mtu mlangoni kupokea simu za waalikwa kabla hawajaingia ukumbini, wamelielewa jambo hili kuwashinda wanasheria wengi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Runinga zao zilijaa tamthilia ndefu waziitazo sinetron. Mojawapo, ya muuza uji aendaye Hijja, ilianza mwaka 2012 na kupita vipindi 2,000. Tangu mwaka 2007 wana mfululizo wa Ramadhani, Para Pencari Tuhan, ulioonyeshwa wakati wa daku, na twakiri kuwa twaliona ni wazo jema kuliko nyimbo na bahati nasibu tuzisikiazo sisi katika saa hizo. Sinema nayo ilifufuka. Mwaka 2008 filamu ya Ayat-Ayat Cinta, iliyotokana na riwaya ya Habiburrahman El Shirazy juu ya mwanafunzi wa Kiindonesia katika Chuo cha Al-Azhar, ilijaza majumba ya sinema kwa mamilioni ya watazamaji, wakiwamo kina mama wa madarasa ya dini waliokuwa hawajapata kukanyaga sinema. Mwaka 2022 hadithi ya mashetani iliyoanza kuandikwa kipande kwa kipande mtandaoni, KKN di Desa Penari, iliwavuta zaidi ya watu milioni 9. Na katika Idd el Fitri ya mwaka 2025 ilitoka filamu ya katuni, Jumbo, ya mtoto yatima mnene achekwaye na wenziwe, aliyeachiwa na wazazi wake kitabu cha hadithi. Watu zaidi ya milioni 10 walikata tiketi. Filamu ya katuni, iliyotengenezwa nyumbani, kwa lugha ya nyumbani.

Yule msichana mwenye mtandio ambaye binti wa barua yetu humwimba ni Nissa Sabyan. Kundi lake, Sabyan, lilikuwa la gambusi kama makundi mengi ya Jakarta, hadi lilipopandisha mtandaoni, mwaka 2018, wimbo wa Kiarabu wenye kuhimiza amani uitwao Deen Assalam, ambao wengine walikuwa wameutangulia kuuimba. Ulitazamwa mara mamia ya mamilioni, ukafika Malaysia, ukafika Ghuba, ukafika katika jikoni ya mama yetu wa barua. Hakuna stesheni iliyowatuma, wala waziri, wala mfadhili tumjuaye. Miaka mitatu baadaye maisha ya faragha ya msichana huyo yakawa gumzo la nchi nzima, na yale yaliyosemwa hatutayarudia hapa. Wale wale waliomsifu kwa machozi walimgeuka kwa vidole vile vile.

Hapa twapenda kusimama kwenye filamu moja fupi, kwani yahusu midomo, na kwa maoni yetu ndiyo kazi bora kuliko zote tulizozitaja.

Yaitwa Tilik, neno la Kijava lenye maana ya kwenda kumtazama mtu, hasa mgonjwa. Ina dakika 32. Ilitengenezwa mwaka 2018 na kundi dogo la Yogyakarta, kwa msaada wa Idara ya Utamaduni ya jimbo lao (maofisa wa idara za utamaduni wa kaunti zetu wakipita hapa, na waisome sentensi hii mara mbili), na ilipopandishwa mtandaoni Agosti 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa korona, ilitazamwa na mamilioni. Kisa chenyewe hakina makuu. Kina mama wa kijiji wamepanda lori la mizigo, wamesimama wote nyuma na mitandio yao, waenda mjini hospitali kumtazama mkuu wa kijiji, ambaye naye ni mwanamke. Njia nzima, Bu Tejo, mwenye bangili za dhahabu, amsema msichana aitwaye Dian: ana pesa zitokazo wapi, yuko na nani, mbona haolewi? Ushahidi wake ni picha alizoziona kwenye simu. Mwenzake, Yu Ning, amtetea Dian kwa bidii na kusisitiza kuwa habari za mtandaoni zichunguzwe kwanza. Polisi awasimamisha kwa kosa la kupakia watu katika lori la mizigo, nao wamvamia kwa maneno mpaka ajuta kuwasimamisha. Wakifika hospitali waambiwa mgonjwa yumo chumba cha mahututi, haonekani. Basi wote waenda zao sokoni Beringharjo.

Mwandishi wa safu hii na jamaa zake waliitazama wakiwa watu sita, na hakuna aliyekielewa Kijava, ila maandishi ya chini. Walicheka kwa kuwa lori lile walilijua. Lilikuwa matatu ya Kilifi, lilikuwa jahazi la Pate, lilikuwa gari la kwenda matangani.

Mwisho wa filamu, hata hivyo, ulizua ugomvi huko kwao. Katika dakika za mwisho twamwona Dian ndani ya gari pamoja na mwanamume mtu mzima, na yaonekana kwamba Bu Tejo hakuwa amekosea sana. Wakosoaji wakalalamika: filamu imewapa ushindi wasengenyaji, na Yu Ning aliyetaka uchunguzi ameonekana mjinga. Sisi twaona malalamiko hayo yamelikosa jambo. Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitufunza tofauti ambayo kila mtoto wa madrasa aijua: kumsema mtu kwa lisilo kweli ni kumzulia, kusengenya ni kumsema kwa lililo kweli, ambalo lau angalikuwapo angalichukia kulisikia. Bu Tejo alipata ukweli. Hilo halikumpa haki ya kuutembeza juu ya lori. Na mtandao mzima, tukiufikiria, ni lori hilo hilo, isipokuwa halifiki hospitali wala sokoni.

Twarudi sasa kwenye majumba. Ni kweli kwamba Raffi Ahmad na mkewe Nagita Slavina, waigizaji waliokuwa tayari mashuhuri, wamejenga kampuni kubwa kwa kuonyesha maisha yao ya kila siku, na watoto wao wametazamwa na mamilioni tangu wakiwa wachanga. Mwaka 2024 Raffi akateuliwa kuwa mjumbe maalumu wa Rais katika mambo ya vijana na wasanii. Ni kweli kwamba Atta Halilintar, kifungua mimba wa familia ya watoto 11 ambayo yote ilirekodiwa, alipooa mwaka 2021 Rais wa nchi alihudhuria nikaha. Kijana wetu hakusema uongo. Alilolisahau ni kwamba kwa kila familia kama hizo zipo zisizohesabika zilizofungua milango ya vyumba vyao na hazikuingiza hata bei ya bando.

Na zipo zilizoingiza kitu kwa njia ambayo twaona uzito kuieleza. Januari 2023, katika kisiwa cha Lombok, kisiwa kisifiwacho hata kikaitwa cha misikiti elfu moja, zilitokea video za moja kwa moja ambamo kina mama wazee walikaa ndani ya dimbwi la maji ya tope na kujimwagia maji hayo kwa kata, tena na tena, kwa muda mrefu, wakitetemeka. Watazamaji walitakiwa watume zawadi, yale maua na vikopo vya kuchorwa ambavyo mtandao huvigeuza kuwa pesa. Kadiri zawadi zilivyokuja, ndivyo maji yalivyomwagwa. Ilipofika habari serikalini, Waziri wa Mambo ya Jamii, Tri Rismaharini, alituma waraka kwa magavana na wakuu wa wilaya kuwataka wazuie wazee kutumiwa katika kuomba. Waliohusika walijitetea kwamba hakuna aliyelazimishwa, kwamba wazee walitaka wenyewe, na kwamba pesa zile zilikuwa nyingi kuliko kibarua cha shambani.

Twaamini kuwa hilo la mwisho lilikuwa kweli. Ndilo litutialo huzuni zaidi.

Wakuu wa Indonesia wamekuwa wakitafuta dawa kwa sheria. Machi 2025 walitoa kanuni ya kuwalinda watoto mitandaoni, iliyoweka madaraja ya umri hadi kufikia miaka 18 na kuzitaka kampuni zipate idhini ya wazazi. Twaipongeza. Lakini idhini ya mzazi haisaidii pale ambapo mzazi ndiye mwenye kamera, na kanuni ya watoto haimfikii nyanya wa miaka 75.

Kwa hivyo hatukuiona njia ya kulijibu swali la mama kwa karatasi peke yake. Alhamisi iliyopita, baada ya Sala ya Alasiri, tulikwenda kumwamkia nyanya mwenyewe, kwa ruhusa ya mama. Tulimkuta jikoni juu ya mbuzi akikuna nazi, mjukuu wake kando yake na simu mkononi. Tulimwuliza amezionaje video zake.

"Naambiwa nimo humo," alijibu, akiielekeza simu kwa kidevu. "Mimi sijaonyeshwa."

Kijana aliona haya. Haikuwa nia mbaya, alisema. Hakudhani kuwa nyanya angependa. Basi akazionyesha, moja baada ya moja, nyanya akiwa amefuta mikono na kuvaa miwani. Ya kwanza, ya jinsi babu alivyokuja kuposa akasahau jina la aliyetumwa kumposa, aliicheka mpaka akashika ubavu, akataka iwashwe tena. Ya pili aliitazama kimya. Humo alikuwa akisimulia harusi moja ya zamani iliyovunjika usiku wenyewe, na amezitaja nyumba zote mbili kwa majina yake.

"Hii ifute, baba. Mjukuu wa yule bibi aolewa mwezi huu."

"Nyanya, lakini hiyo ndiyo iliyopendwa na watu wengi. Na ni kisa cha kweli, si ulisema mwenyewe?"

"Kwani nimesema si kweli? Nilikisema hapa, baina yangu na wewe na nazi. Ifute."

Ya tatu nayo iliondoka, kwa kuwa leso ilikuwa imemteleza kichwani na nywele zikaonekana. Kijana alifuta zote mbili mbele yetu. Nyanya akauliza kama waliokwisha kuziona nao watafutiwa, na hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa. Akauliza pia ni kiasi gani kilicholipwa mpaka sasa. Hakuna kitu, akaambiwa. Akasema basi bora hivyo, kwani angalikuwa amekwisha kula pesa ya watu.

Walipatana mambo machache mbele yetu, nasi twayaandika kwa idhini yao, pengine yatamfaa mwingine. Kabla ya kurekodi, nyanya aambiwe, apate kujitengeneza. Kikisharekodiwa kitu, yeye awe wa kwanza kukitazama, na akisema hapana, ifutwe bila ya kubishana. Watu wasitajwe majina, wawe hai au marehemu. Siku ikija pesa, nusu ni yake, mkononi mwake, na asiulizwe aipeleka wapi. Mjukuu alijaribu kuomba theluthi mbili kwa sababu ya bando, hakufua dafu.

Kuhusu binti na nyimbo zake, twamwomba mama asimnyamazishe. Ampeleke kwa mwalimu amfasirie maneno anayoyaimba. Ana sauti nzuri. Tuliisikia kutoka chumba cha pili muda wote tuliokuwa pale, ikirudia beti moja tu, na kila ilipofika pahala fulani pagumu ilikuwa ikimeza neno na kupita.

Tulipokuwa twaaga, nyanya alikuwa amekwisha kumtuma mjukuu dukani kuulizia bei ya leso mpya.